Uzi: Sinagogi la Paradesi, Kochi. Mfalme aliwapa ardhi ukutani kwake, wao wakawakalisha wenzao sakafuni

Msafiri wa Kusi

Wakuu, salaam kwenu.

Kila mjadala kuhusu Wayahudi unapoanza humu, posti ya tatu tu tumeshafika kwenye vita na siasa za leo. Naomba huu ubaki wa historia. Nataka tuzungumze kuhusu Wayahudi wa Kochi, pwani ya Malabar kule kusini-magharibi mwa India, na sinagogi lao la Paradesi lililojengwa mwaka 1568. Ndilo kongwe kuliko yote yanayotumika mpaka leo katika nchi za Jumuiya ya Madola.

Watalii wanalipenda kwa vigae vyake na taa zake. Mimi linanishika kwa jambo jingine. Hawa ni watu ambao wafalme wa Kochi waliwapokea, wakawapa ardhi na heshima kwa karne nyingi. Na ndio hao hao waliowazuia wenzao wa dini moja wasiketi kwenye mabenchi ya nyumba ya ibada. Nitaifikisha habari hadi hapo, mnivumilie.

Tuanze mbali kidogo. Wayahudi hawa hawakuanzia Kochi. Walianzia Cranganore, kaskazini kidogo ya hapo, kwenye eneo la bandari iliyouza pilipili manga tangu enzi za Warumi. Wenyewe husimulia kwamba mababu zao walifika baada ya Warumi kubomoa Hekalu la Yerusalemu mwaka 70. Wengine hurudi nyuma zaidi, hadi merikebu za Mfalme Suleimani. Hayo ni mapokeo ya wazee na yana heshima yake. Kilichoandikwa kikabaki ni mabamba ya shaba ya mnamo mwaka 1000, ambayo mfalme Bhaskara Ravi Varman alimkabidhi kiongozi wao, Joseph Rabban. Yameandikwa kwa Kimalayalam cha kale, lugha ya wenyeji wa pwani hiyo, na yanataja haki 72: kusamehewa kodi, kutembea chini ya mwavuli, kubebwa kwa machela, kuwasha taa mchana, kupigiwa ngoma na tarumbeta. Haki hizo akapewa yeye na uzao wake, maadamu dunia na mwezi vipo.

Karibu na hapo, Chendamangalam, kuna jiwe la kaburi la mwanamke aitwaye Sara, binti Israeli, la mwaka 1269. Ndilo andiko la Kiebrania la zamani zaidi lililopatikana India. Kwa hiyo tunapofika 1568 hatuzungumzii watu walioteremka jahazini jana.

Naendelea, msiondoke.

---

Mwanalamu

Mkuu, hayo mabamba yamenigusa. Mwavuli, ngoma na tarumbeta kwa mtu wa pwani si mapambo, ni enzi. Kwetu Lamu na Pate siwa, baragumu la enzi, halikupigwa na mtu yeyote tu, wala mwavuli wa mfalme hakutembea nao kila mwenye uwezo wa kuununua. Aliyepewa ruhusa ya vitu hivyo alikuwa ametiwa ndani ya ungwana wa mji.

Swali langu: huyo Joseph Rabban alipewa utawala kamili, au cheo cha mfanyabiashara mkubwa tu?

---

Msafiri wa Kusi

Umeisoma sawasawa, Mwanalamu. Haki nyingi zile walikuwa nazo wakuu wa nchi, hazikuwa za raia wa kawaida. Wanahistoria wengi wanaona ni heshima ya kiongozi wa chama cha wafanyabiashara. Wayahudi wenyewe kwa vizazi walimkumbuka kama mfalme wao mdogo wa Cranganore. Kwa vyovyote, aliwekwa juu kabisa katika nchi iliyomhesabu kila mtu kwa tabaka lake. Kumbukeni hilo la tabaka, tutarudi kwake.

Sasa Kochi inaingiaje? Mwaka 1341 mto Periyar ulifurika vibaya. Mchanga ukaziba bandari ya Cranganore, maji yakafungua mlango mpya wa bahari Kochi. Biashara ikahama, na watu nao. Mwaka 1344 Wayahudi walikuwa wamekwisha jenga sinagogi Kochangadi, ndani ya Kochi. Jengo lenyewe halipo tena, lakini jiwe lake lenye maandishi limepachikwa kwenye ukuta wa ua wa Paradesi na linasomeka.

Wareno wakaingia. Mnajua safari ile: Vasco da Gama alichukua rubani Malindi mwaka 1498, pepo za kusi zikamfikisha Calicut, bandari nyingine ya Malabar. Watu wa Malindi wana nguzo yake. Kochi walikuwa na kaburi lake, maana alifia huko Desemba 1524, akazikwa kanisa la Mtakatifu Fransisko kabla mifupa yake haijarudishwa Ureno. Mwaka huo huo wa 1524 majeshi ya upande wa Calicut yaliwashambulia Wayahudi wa Cranganore kwa ugomvi wa biashara ya pilipili manga, wakachomewa nyumba na masinagogi. Waliobaki waliteseka chini ya Wareno, ambao mwaka 1560 walileta mahakama ya kuchunguza imani Goa, makao yao makuu India. Myahudi aliyekimbia Ureno akidhani amefika mbali aliwakuta Wareno wale wale wanamsubiri upande wa pili wa bahari.

Waliobaki Cranganore wakamkimbilia mfalme wa Kochi, naye akawapa ardhi Mattancherry, ukutani kabisa mwa ikulu yake. Mwaka 1567 mtaa ukaanza, na 1568 sinagogi likasimama. Mpaka leo ukuta wa sinagogi na ukuta wa hekalu la Kihindu la ikulu ni jirani. Ukisimama uani unasikia kengele za pale.

---

Kagera Mdadisi

Uzi mtamu huu, nimekaa mkao wa kusoma. Lakini hapo nina mkanganyiko. Kama walikuwepo tangu mwaka 1000 na 1344 walishajenga, kwa nini hilo la 1568 ndilo linatajwa kila mahali? Na hayo mengine yalikwenda wapi?

---

Msafiri wa Kusi

Swali la msingi, mkuu.

Katika karne ya 16 kulikuwa na makundi mawili. Kundi la kwanza ni la wenyeji wa siku nyingi, tunawaita Wamalabari. Walikuwa wengi na walikuwa na masinagogi yao. Kundi la pili ni wageni waliokuja karibuni, baadhi wakikimbia Hispania na Ureno baada ya kufukuzwa 1492 na miaka iliyofuata, wengine wakitoka Halab ya Syria, Baghdad na kwingineko. Hao ndio Paradesi, yaani wageni, na ndio waliojenga hili la 1568. Mapokeo yanawataja waanzilishi Samuel Castiel, David Belila, Ephraim Saleh na Joseph Levi.

Kabla ya watu kuhama katika karne ya 20 kulikuwa na masinagogi manane katika eneo hilo: matatu mtaa wa Wayahudi Mattancherry, mawili Ernakulam ng'ambo ya maji, na moja moja Parur, Chendamangalam na Mala. Paradesi ni moja tu kati ya hayo manane, na watu wake walikuwa wachache kuliko wa mengine. Lakini walikuwa na mali, walijua lugha za Ulaya, na wageni wa Ulaya walipofika walipelekwa kwao. Historia ikaandikwa kutoka kwenye varanda yao. Hata yale mabamba ya shaba yanatunzwa kwao, ilhali Wamalabari wameshikilia kwa vizazi kwamba Joseph Rabban alikuwa babu yao wao. Kwa maoni yangu Wamalabari wana hoja nzito. Bamba la mwaka 1000 haliwezi kuwa mali ya familia iliyotoka Hispania baada ya 1492, isipokuwa kwa kuoleana na wenyeji. Na kuoleana huko ndiko walikokuwa wakikukana.

---

BintiMvita

Asante kaka kwa kazi nzuri. Naomba uniambie jengo lenyewe likoje. Na wanawake walikaa wapi? Mara nyingi simulizi za nyumba za ibada zinatuacha nje ya mlango.

---

Msafiri wa Kusi

Dada BintiMvita, swali lako linanipeleka kwenye sehemu ninayoipenda kuliko zote. Acha nimalize kwanza habari ya moto.

Mwaka 1662 Waholanzi walikuja kuitwaa Kochi kutoka kwa Wareno wakashindwa. Wayahudi walikuwa wamewaunga mkono, na jambo hilo lilijulikana. Wareno wakalipiza: sinagogi likaporwa na kuchomwa. Januari 1663 Waholanzi wakarudi, safari hii wakashinda, na mwaka uliofuata jengo likatengenezwa. Kipindi cha Waholanzi kikawa cha neema. Mwaka 1686 ujumbe wa Wayahudi wa Amsterdam, ukiongozwa na Moses Pereira de Paiva, ulifika kuwatembelea, na vitabu vya dini vikaanza kutoka Uholanzi kwenda Kochi.

Mtu wa kipindi hicho ni Ezekiel Rahabi, aliyezaliwa 1694 na kufa 1771. Alikuwa mfanyabiashara mkuu wa Kampuni ya Mashariki ya Uholanzi pale Malabar, na mjumbe wao kwa wafalme. Mwaka 1760 alijenga mnara wa saa mbele ya sinagogi. Nyuso za saa zina namba za Kiebrania, za Kirumi na za Kimalayalam, kila jamii ya mji isome kwa maandishi yake. Kisha mwaka 1762 akaagiza vigae kutoka Canton, Uchina, vipatavyo 1,100, vyeupe na buluu, vilivyochorwa kwa mkono kimoja kimoja. Ndivyo vilivyotandikwa sakafuni.

Na kwenye sakafu hiyo unaingia peku. Kwa Myahudi wa Ulaya ni jambo geni kabisa. Kwa Wayahudi wa Kochi kuvua viatu mlangoni mwa nyumba ya Mungu ndiyo adabu, kama walivyofanya majirani zao Wahindu na Waislamu.

Ukiwa ndani, katikati kuna jukwaa la shaba ya manjano linapowekwa gombo la Torati. Juu zinaning'inia thuria za kioo cha Ubelgiji na taa za mafuta za fedha. Kwenye kabati takatifu kuna magombo na mataji yake, moja likiwa la dhahabu, zawadi ya mfalme wa nchi jirani ya Travancore, ya mwaka 1805. Wageni huonyeshwa pia zulia, wakaambiwa ni zawadi ya Haile Selassie wa Ethiopia.

Sasa wanawake. Roshani yao iko juu, upande wa nyuma. Masinagogi ya Kerala, jimbo la leo lenye Kochi, yana kitu ambacho hutakikuta kwingine: jukwaa la pili la kusomea Torati, juu kule kule, mbele tu ya sehemu ya wanawake, likitenganishwa nao kwa kiambaza cha nakshi za mbao zenye matundu. Siku za sabato na sikukuu gombo lilipandishwa likasomwa huko juu. Wanawake walikuwa karibu na Torati kuliko wanaume wengi waliokaa chini.

Na waliimba! Wanawake wa Kochi walikuwa na nyimbo zao kwa Kimalayalam: za harusi, za sikukuu, za hadithi za Biblia, za kuanzishwa kwa masinagogi yao. Waliziandika kwenye madaftari, mama akamwachia binti. Nyingi zimeokolewa kwa juhudi za wanawake wenyewe, mmojawapo Ruby Daniel. Alihudumu katika jeshi la wanamaji la India wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, akahamia Israeli 1951, na ndiye mwanamke wa kwanza wa Kiyahudi wa Kochi kuchapisha kitabu. Alitafsiri nyimbo hizo kwa miaka. Naye alitoka kwenye lile kundi nililosema lilikalishwa sakafuni.

---

BintiMvita

Hayo madaftari yamenifurahisha kweli. Na huku kwetu tenzi nyingi zimefika tulipo kwa mikono ya wanawake walionakili, na majina yao hayatajwi. Endelea kaka, hao wa sakafuni ni nani?

---

Msafiri wa Kusi

Haya, tumefika.

Ndani ya sinagogi la Paradesi kulikuwa na watu walioitwa Meshuchrarim, yaani walioachwa huru. Walikuwa watumwa au watumishi wa nyumba za Paradesi walioingizwa kwenye dini wakaachiwa, pamoja na vizazi vyao. Baadhi walikuwa watoto wa mabwana hao hao. Walishika sabato, walishika sheria ya chakula, walisali kwa Kiebrania. Lakini hawakuruhusiwa kuketi kwenye mabenchi. Walikaa sakafuni nyuma, au nje kwenye chumba cha mbele na ngazi. Hawakuitwa kusoma Torati. Kuoa au kuolewa na Paradesi ilikuwa marufuku. Wamalabari nao waliitwa "weusi", Paradesi "weupe", wasioane wala wasihesabiane katika idadi ya wanaume kumi wa sala.

Karne ya 19 Meshuchrarim walijaribu kujitenga na kuwa na pao pa kusalia, wakiongozwa na mtu aitwaye Avo. Haikudumu.

Kisha akatokea Abraham Barak Salem, aliyezaliwa 1882. Mtoto wa Meshuchrarim, akasoma mpaka shahada, akawa mwanasheria wa kwanza wa jumuiya ile. Alikuwa mtetezi wa wafanyakazi, akakaa kwenye Baraza la Kutunga Sheria la Kochi 1925 hadi 1931, na tena 1939 hadi 1945. Mwaka 1929 alikuwa Lahore kwenye mkutano wa chama cha Congress ulioazimia uhuru kamili wa India. Fikirini: mtu anatunga sheria za nchi, anasimama na viongozi wa taifa, akirudi mtaani kwake siku ya sabato anaambiwa kaa sakafuni.

Salem akafanya kile alichokiona kwa Gandhi: akaleta satyagraha, yaani upinzani usiotumia nguvu, ndani ya sinagogi. Alisusia ibada. Alikaa mlangoni waumini wakipita. Alifikiria hata kufunga chakula hadi kufa. Hakumpiga mtu, hakuvunja kitu, na hakuhama dini. Watu wakamwita Gandhi wa Kiyahudi. Miaka ya 1930 vikwazo vikaanza kulegea: kwanza waliruhusiwa kuketi kwenye mabenchi ya nyuma, na katika miaka ya 1940 wakaanza kuitwa kusoma Torati. Mwaka 1950 mwanawe Balfour alimwoa binti wa Paradesi, na hata wakati huo ilibidi waende kufungia ndoa Bombay, maana Kochi hawakukubaliwa. Inasimuliwa kwamba bibi harusi aliporudi akapanda roshani, wanawake wengine waliondoka.

Huyo Salem ndiye shujaa wa uzi huu kwangu. Leo barabara ya mtaa wa Wayahudi ina jina lake.

---

Kagera Mdadisi

Mkuu, nakubaliana nawe kuhusu Salem, mtu mkubwa. Lakini nadhani unawabana Paradesi kupita kiasi. Waliishi katika nchi ya matabaka. Kila mmoja pale alikuwa juu au chini ya mwingine, na jamii ndogo ngeni huiga mwenyeji wake ili ikubalike. Wakristo wa Kerala nao hawakuwa tofauti sana. Ukiwahukumu kwa macho ya leo hutawaelewa.

---

Msafiri wa Kusi

Nakuelewa ndugu yangu, na hoja ya tabaka ni ya kweli. Ndiyo maana niliitaja mapema. Hata wasomi waliowaandikia Wayahudi hawa kwa undani wanasema hivyo: waliinakili India mpaka ndani ya sinagogi.

Lakini sikubali kwamba ni macho ya leo. Karne ya 16 swali hili hili lilipelekwa kwa rabi mkubwa wa Misri, David ibn Zimra. Aliulizwa: kuna jamaa Kochi, matajiri wachache wanaojidai nasaba safi hawataki kuoana na wengi wanaowaita wana wa watumwa, sheria inasemaje? Akajibu kwamba wakishaogeshwa kuingizwa dini kwa mujibu wa sheria ni Wayahudi kamili, na waruhusiwe kuingia katika jamii na kuoana nayo. Rabi mwingine, wa Aleksandria, Jacob Castro, naye akajibu kwa mwelekeo huo. Majibu yalifika Kochi. Yakawekwa kando.

Kwa hiyo walijua. Salem hakuwaletea sheria mpya kutoka London, aliwadai waitekeleze ile waliyoandikiwa miaka mia nne kabla yake, kwenye dini yao wenyewe. Na Kochi haikuwa na rabi wake hata siku moja. Jumuiya iliongozwa na wazee na mkuu aliyetambuliwa na mfalme, aliyeitwa mudaliar. Wazee wakikataa, hapakuwa na wa kuwaambia vinginevyo.

---

Lwanga wa Mbale

Mimi nasoma kutoka Mbale, Uganda, na naona nichangie kidogo. Hapa kwetu, mlima Nabugoye, kuna Abayudaya. Semei Kakungulu, aliyekuwa jenerali wa Buganda na kuwatekea Waingereza eneo hili la mashariki, aliamua mwaka 1919 kufuata Torati, akatahiriwa yeye na wanawe. Mwaka 1922 akachapisha kitabu cha kanuni na sala kwa Kiganda. Amin alipotawala aliipiga marufuku dini yao, masinagogi yakafungwa, wengi wakaacha. Wachache walishikilia kwa siri. Mwaka 2002 marabi kutoka nje walikuja kuwathibitisha mamia yao, lakini bado wapo Wayahudi wasiowatambua.

Kwa hiyo ninaposoma habari za watu wanaosali sala ile ile, kisha wakaambiwa "si ninyi", naielewa bila kutafsiriwa. Nairobi nako wana jumuiya tangu 1904 na sinagogi la kwanza jiwe lake liliwekwa 1912, ila hao ni walowezi, historia nyingine.

---

Msafiri wa Kusi

Asante sana Lwanga. Abayudaya wanastahili uzi wao, na ukiuanzisha wewe uliye karibu nao utakuwa bora kuliko wangu. Niite.

---

Mwanalamu

Na sasa? Wamebaki wangapi pale Kochi?

---

Msafiri wa Kusi

Hapa ndipo panapouma.

India ilipata uhuru 1947, Israeli ikatangazwa 1948. Wayahudi wote wa Kochi walikuwa kama 2,500. Wamalabari walitaka kwenda karibu wote. Walicheleweshwa kwa sababu ambayo watu wa pwani mtaielewa haraka: matende. Serikali ya Israeli iliogopa ugonjwa huo, ambao ulikuwepo sana Kochi, ikazuia familia nzima nzima. Salem, ambaye alikuwa ameitembelea Palestina tangu 1933, ni mmoja wa waliokwenda kuwatetea. Kufikia 1955 wengi walikuwa wameshaondoka, wakapelekwa vijiji vya kilimo kama Nevatim, Mesilat Zion na Taoz. Watu wa biashara ya mayai na pilipili wakaanza kulima maua na mboga kwenye ardhi kavu ya Negev na vilima vya Yerusalemu. Walifanikiwa, hasa kwa maua.

Salem hakuhama. Alibaki Kochi mpaka alipofariki 1967. Mwaka uliofuata sinagogi lilitimiza miaka 400. Indira Gandhi alikuja kwenye sherehe, na India ikatoa stempu ya posta yenye picha ya ndani ya jengo.

Paradesi, waliokuwa kama mia moja, nao wakaanza kuondoka mmoja mmoja. Idadi ya wanaume kumi ikawa shida. Zikafuata ndoa ambazo hazikuwezekana kwa sababu kila aliyebaki ni ndugu. Hapa nasema waziwazi ninavyoamini: kundi dogo lililokataa kuoana na majirani zake wa dini moja kwa karne nne lilijifunga lenyewe. Uhamiaji ulilimaliza, lakini mlango lilikuwa limeufunga zamani.

Bibi Sarah Cohen, aliyekuwa na duka la vitambaa vya darizi mtaani, alifariki 2019 akiwa na miaka 96. Aliyemtunza uzeeni ni Mwislamu wa mtaa ule, ambaye amelibakiza duka lake kama jumba la kumbukumbu. Mwaka 2024 akafariki Queenie Hallegua, na kwa Paradesi wa mji akabaki mtu mmoja.

---

Kagera Mdadisi

Mkuu nimekubali hoja ya yule rabi wa Misri, sikuijua. Swali la mwisho: yale masinagogi mengine saba yakoje? Na mtu akienda Kochi aanzie wapi?

---

Msafiri wa Kusi

Sinagogi la Thekkumbhagam la Mattancherry lilibomolewa. Sinagogi la Kadavumbhagam la Mattancherry lilikuwa na dari na nakshi za mbao za ajabu. Zilinunuliwa, na tangu 1995 zinaonekana katika Jumba la Makumbusho la Israeli, Yerusalemu. Jengo lililobaki Kochi lilitelekezwa, sehemu yake ikaanguka mwaka 2019. Chendamangalam na Parur yamekarabatiwa yakawa makumbusho, na mimi ningeanzia Chendamangalam, kwa sababu ya kaburi la Sara na kwa sababu sinagogi, msikiti, kanisa na hekalu vyote viko umbali wa kutembea. Kadavumbhagam ya Ernakulam iko sokoni. Mbele yake kuna duka la samaki wa mapambo na miche, la Myahudi wa Kimalabari aliyebaki, na ukimwomba kwa adabu anakupitisha nyuma ya matangi ya samaki ulione sinagogi.

Ukienda Paradesi, nenda Jumapili hadi Alhamisi. Ijumaa mchana, Jumamosi na sikukuu za Kiyahudi hufungwa kwa watalii. Funika mabega na magoti, vua viatu. Kisha usiondoke kabla hujaitazama sehemu ya nyuma na zile ngazi za nje. Waongozaji wengi huwaelekeza watu kwenye vigae na thuria tu. Muulize mwongozaji wako Salem alikuwa akikaa wapi.